Tano Nilizotoa kwa Adabu

Kitongoji cha Kamitani,
Tokushima, Japani.
9 Novemba

Mpendwa Dada Sumie,

Hamjambo huko Brazili? Mgongo wako unasemaje? Shemeji Tadao bado anabishana na daktari? Mimi mzima, chuma cha meli, ila meno sita yamestaafu.

Nina ombi kuhusu nyumba ya wazazi, lakini lazima nianzie mbali.

Tangu maporomoko ya ardhi yaangushe mnara wa simu, chuo kimoja kimetugawia visanduku vya kuning'iniza kiunoni. Havihitaji mnara. Kila kimoja kinapokea sauti na kuirushia cha jirani, nacho huirushia cha jirani mwingine, mpaka zahanati bondeni. Tuko wazee kumi na mmoja, na mkubwa wa majaribio ni mimi. Nani mwingine hapa amepika melini hadi bandari ya Valparaiso?

Kila asubuhi binti wa chuo, Haruna Ogata, alitupigia, akasoma sentensi chache, nasi tukabonyeza alama: tano sauti safi, moja haisikiki. Dada, sauti ilikuja vipande vipande, kama mtu anayeongea na mochi ya mchele inayonata mdomoni. Nikampa tano. Wote tulimpa tano, mwezi mzima.

Siku moja akapanda mlima, macho mekundu.

"Babu Isokichi, mashine yangu inasema nusu ya maneno yanapotea njiani, nanyi mnanipa tano!"

"Mwanangu, wewe unaanza kwa kuniuliza hali ya magoti yangu, halafu nikupe mbili? Sikulelewa zizini mimi."

"Hampimi sauti yangu, mnapima mtandao!"

Nikasema nimeelewa, nikamjaza viazi vitamu. Kesho yake nikabonyeza tano. Nikuambie wewe tu: ile ndiyo sauti pekee iliyonijulia hali kutwa nzima. Niliogopa nikimpa mbili ataacha kupiga.

Mwezi wa tisa Bi Shigeno, wa ng'ambo ya mashamba ya chai, aliteleza asubuhi akavunjika nyonga. Akanipigia. Nikasikia mkwaruzo, kisha kimya. Nikadhani amechoka kuongea, nikabonyeza tano kama baada ya kila simu, nikaenda kukaanga samaki wangu. Alilala kwenye matope mpaka saa nane mchana, tarishi alipomwona.

Nilipokwenda hospitali akaniambia, "Nasikia ulinipa tano. Ningekufa na matokeo mazuri!" Akacheka. Mimi niliyetaniana na mabaharia wa bandari arobaini, nilianza kummenyea chungwa.

Nikampigia Haruna afute tano zangu zote. Wenzangu nao wakarudia vipimo, safari hii bila huruma. Ndipo akaona shida ilipo: nyumba ya Mzee Mori pale kwenye kona. Tangu mwanawe amhamishie Osaka, sauti ya Bi Shigeno haina pa kukanyaga. Watu wa chuo waliacha kisanduku peke yake mle ndani, kima wakaondoka nacho. Lazima akae mtu.

Bi Shigeno amekataa katakata kuhamia mjini. Kwa hiyo, Dada, naomba ruhusa yako niifunge nyumba ya baba na mama, nikae kwa Mori. Mkubwa ni wewe. Nisamehe lakini, wiki iliyopita nimeshahama. Theluji haingoji posta ya Brazili. Picha zao nilizibeba mgongoni, mama nikamgeuzia dirishani aone chai.

Bi Shigeno amerudi kwake juzi, akitembelea mkongojo. Haruna amemaliza kazi, hapigi tena. Bi Shigeno akiongea na zahanati, sauti yake inapita humu ndani kwangu, ila mimi siisikii. Kwenye kisanduku inawaka taa ya kijani tu. Leo asubuhi imewaka dakika sita. Nimeacha chai ipoe, nikakaa karibu nayo mpaka ikazimika.

Wasalimie Shemeji Tadao, mwanao Celso na wajukuu wote, hata yule anayecheka jina langu. Wazazi wetu wawalinde huko mliko, mle vizuri, mlale vizuri. Ukinijibu, andika kirefu.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Isokichi