Mama wa Kwenye Filamu

Jumatatu, 3 Februari
Poda tena. Leo wamenipaka majivu usoni nionekane nimechoshwa na dunia. Nilikuja Mjini kujaribiwa nafasi ya mwalimu mpya kwenye filamu, yule anayehangaika na darasa lisilomtaka. Nilimwigiza vizuri, najua. Mwongozaji, Bwana Haji, akasema sura yangu ya shamba. Ualimu kapewa Nadya, mweupe, wa Mjini, hajawahi kulala kijijini kwetu Jambiani hata siku moja. Mimi mama wa mwanafunzi. Nina miaka ishirini na sita na sina mtoto. Nimekubali. Mchagua jembe si mkulima.

Jumanne, 4 Februari
Nimeusoma mswada wote. Mwalimu anaingia darasani, madawati matupu, analia. Watoto wako pwani kwenye mwani na mama zao. Kwetu bamvua likifika, bahari ikatoka mbali, watoto husaidia kufunga kamba za mwani kisha hurudi skuli. Kila mwalimu mgeni hukosea hapo, kisha huuliza. Huyu wa kwenye filamu haulizi. Watu wote wa shamba humo ni wajinga au wanacheka ovyo. Mimi nina sentensi moja: "Skuli haina faida, mwani ndio unaotulisha."

Mama alinisomesha kwa mwani mpaka kidato cha sita.

Alhamisi, 6 Februari
Jambiani. Kina mama wa pwani nimewaleta mwenyewe, Mama yangu mbele. Wanachojua ni kwamba hii ni filamu ya elimu. Wamefurahi. Nilimwambia Bwana Haji kwamba wiki hii ni maji mafu, bahari haitoki, mashamba ya mwani hayaonekani. Akasema kamera haijui maji mafu. Basi wamesimamishwa kwenye maji ya kiuno, kanga mpya, wanafunga kamba wasizoziona. Mama alicheka sana. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 8 Februari
Nimemwomba abadilishe ile sentensi. Nimeomba tena mbele ya watu, bila haya. Kasema filamu inataka mtu wa kumpinga mwalimu, na nisipotaka wapo wengine. Mama keshakitangazia kijiji kizima kwamba mwanawe msanii. Sina pa kushika. Nimelia chooni.

Jumatatu, 10 Februari
Nimeisema ile sentensi, pwani mbele ya Nadya. Mara ya kwanza sauti ilikauka. Ya pili ikatoka safi, wakapiga makofi. Najichukia.

Mama alikuwa nyuma na wenzake, upepo mkali, hakusikia. Akaona tu Nadya analia. Akadhani analia kweli. Akaja akamshika mkono: "Usilie, mwanangu. Maji yakijaa watakuja wote."

Haikuwemo kwenye mswada. Kamera zote zilikuwa zinachukua. Nilimfuata Bwana Haji, nikamwambia hayo ndiyo maneno ya kwetu, ayabakishe, hata yangu ayatupe. Nilikaribia kumpigia magoti. Kasema tutaona.

Jumatano, 12 Februari
Wameondoka. Mama anamwigiza Nadya kwa majirani. Namwomba Mungu.

Jumamosi, 14 Juni
Filamu imeonyeshwa uwanja wa skuli, kwenye shuka jeupe. Mama kavaa kanga ya Idi, kakaa mbele kabisa. Sentensi yangu imo, uso wangu umejaa shuka zima. Watu wakacheka. Kisha wakamtazama Mama.

Nikangoja pale anapomshika mwalimu mkono. Hapakuwepo. Wamepaondoa. Mwisho Nadya anawaokoa watoto wetu peke yake, na muziki. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tumerudi nyumbani.

Jumapili, 15 Juni
Bamvua. Nimemwamkia Mama, kaitikia marahaba kama kawaida. Tumekunywa chai. Alikuwa anakusanya kamba zake, akaniuliza bila hasira.

"Yule mama ulomwigiza, ndo mie?"

Nikasema siye.

"Basi mie nlikuwa wapi?"

Akajitwika kamba, akateremka pwani.