Aliyeitikia Hodi

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na mikorosho ya Miteja imechanua. Umeniuliza kama uujenge mtaa mzima kwa ramani moja.

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nilikuja hapa kupanga kijiji cha ujamaa. Nilihutubia watu kuhusu usawa, nikavuta kamba za kupimia, nikasimamisha nyumba zisizotofautiana hata kwa mlango. Mzee Selemani, kipofu, aliniomba mlango wake uelekee nyuma, apate kuitambua nyumba yake. Nilimjibu, "Usawa hauna upendeleo, mzee."

Siku ya kwanza baada ya kuhamia, alipotoka msikitini alasiri, hakufika kwake. Mimi na mkewe tulimkuta katika nyumba ambamo alikuwa hajahamia mtu, ameketi sakafuni, akizungumza kwa utulivu.

"Bwana, unaongea na nani?" mkewe aliuliza akiwa mlangoni.

Akageuza uso. "Nilipiga hodi, ukanikaribisha. Kama wewe uko nje, aliyeniitikia ni nani?"

Tulimshika mkono, tukamtoa nje. Kesho yake niliutoboa ukuta wake wa nyuma, nikauhamishia mlango huko kwa mikono yangu.

Chora, mjukuu wangu, lakini waulize kwanza watakaoingia. Nyumba ile tupu haikupata mtu wa kuhamia, nami nikipita mbele yake hadi leo, sipigi hodi.

Babu yako