Mjomba Wangu Hakuwahi Kuvaa Suti

Mjomba,

Wamekuvalisha suti. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma, na nikianza na salamu nitalia kabla sijasema. Kijana wa kompyuta pale stendi kachukua picha ya simu uliyopigwa harusini, kakata kichwa, kakibandika juu ya suti ya bluu na tai nyekundu, halafu kakung'arisha uso mpaka ukawa wa mtu mwingine. Hiyo ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza. Hiyo ndiyo iko msalabani, kwenye kaburi lako huko Mwamkulu. Wewe, uliyesafisha picha za watu wa Mpanda maisha yako yote na hukukubali kumfuta mtu hata kovu! "Kovu ni lake, nani kaniruhusu nimwibie?" ndivyo ulivyokuwa unawajibu wateja.

Nilisema, Mjomba. Nilimwambia kaka yako mkubwa kwamba ninayo negativu yako, ile filamu niliyokupiga uani unasuuza sinia za dawa za kusafishia picha, singlendi imelowa, unacheka mapengo yote nje. Ulilalamika, "We Skola, umenidhalilisha!" na bado filamu ukaisafisha mwenyewe. Nikaomba waniache niingie chumba cha giza niitoe hiyo picha. Akaniangalia juu mpaka chini. "Wewe mtoto wa dada, mambo ya ukoo tuachie sisi." Basi. Nikarudi jikoni kusonga ugali wa waombolezaji.

Matanga yalipoanuliwa, wakaingia kugawana vitu. Wakang'oa pazia jeusi, wakabandua mbao ulizozibia dirisha. Wakakuta maboksi ya karatasi za picha, wakadhani umeficha humo hati ya kiwanja. Wakayafungua yote, Mjomba, uani, jua la saa saba! Nikapiga kelele, "Jamani, mwanga unaziunguza!" Wakacheka, maana wao waliona karatasi nyeupe tu, hakuna moshi wala nini. Watoto wamepewa wachoree ng'ombe. Na fiksa, ile dawa ya mwisho inayomfanya mtu abaki kwenye karatasi hata ukimtoa kwenye mwanga, wameimwaga chooni. Eti inanuka.

Na wewe pia nina hasira nawe, acha niseme. Miaka yote nimesimama pembeni yako kwenye ile taa nyekundu, wateja wa Sitalike na Ugalla wananiita fundi, lakini ndugu zako walijua nakufagilia chumba tu. Nilikuomba uwaambie. "Watajua tu," ukasema. Hawakujua. Ungetamka neno moja mbele yao ukiwa mzima, siku ile ya msiba ningekuwa na mdomo. Sasa umekaa kimya na mimi ndiye ninayeulizwa nimefuata nini pale.

Chumba kinapangishwa, kinageuka saluni. Kesho natakiwa kurudisha ufunguo. Leo mchana nikaingia kwa mara ya mwisho. Mashine ya kukuzia picha bado ipo, haijapata mnunuzi. Na ile droo iliyokwama, ya kunyanyua kidogo ndiyo uvute, iliwashinda. Ndani nikakuta pakiti ya dawa ya kwanza, ile inayoitoa picha kwenye karatasi, na bahasha nyeusi. Nikaziba dirisha kwa blanketi na vitenge, nikawasha taa nyekundu, nikaipapasa ile bahasha. Karatasi moja ya picha, haijaguswa na jua.

Sikuwa na kipande cha kujaribia, wala cha kurudia. Nikaweka negativu yako kwenye mashine, nikaipiga karatasi mwanga, nikaitia kwenye dawa, nikatikisa sinia taratibu. Nyeupe tupu. Nikaanza kukutukana kwa sauti, ndipo nikakumbuka maneno yako: "Usiwe na haraka, Skola. Mtu anakuja mwenyewe."

Yalitangulia mapengo. Nikacheka peke yangu kama chizi. Yakafuata macho, kisha kovu la kidevuni, kisha wewe mzima, singlendi na sinia zako. Ulikuja vizuri, Mjomba. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kusafisha, na hukuwepo kuniambia nimezidisha weusi.

Halafu nikanyoosha mkono upande wa fiksa. Mkono ulizoea tu. Hakukuwa na kitu.

Nikaisuuza kwa maji, nikakaa nawe kwenye taa nyekundu mpaka ukakauka. Nje watu wa saluni walishaanza kugonga waje kupima ukuta. Nilijua nikifungua mlango hivihivi utazama kwenye weusi mbele ya macho yangu. Nikakurudisha kwenye bahasha nyeusi, nikaizungushia solatepu, ndipo nikafungua.

Uko kabatini kwangu, chini ya nguo. Yule aliyekuwa anakuuzia fiksa Dar hapokei simu, lakini nitaitafuta mpaka niipate. Siku nikiipata, nakuja Mwamkulu namng'oa yule wa suti kwa mikono yangu, wanifukuze wakitaka. Lala, Mjomba wangu. Kwa sasa kila apitaye kaburini anamwangalia yeye, na mimi niliye nawe siwezi kukuangalia.

Skola, fundi wako