Mama wa Filamu ya Zamani

Jumapili, mtoto kalala

Nyimbo za filamu ile ya zamani ni tamu, sikatai. Lakini haiishindi hii mpya tuliyoitazama jana.

Leo mavyaa, mamake mume wangu, kaililia tena, pale mama anapojinyima chakula mpaka anakufa. "Huyo ndiye mama," akaniambia. "Si yule wako wa jana, anayeacha mtoto akaenda kazini."

Alikuwa akinisema mimi. Kesho naanza kazi duka la vitambaa, na mtoto sina wa kumwachia ila yeye.

Nilikuwa nimechoka, lakini sikunyamaza. "Mama, wako kamwacha mwanawe yatima. Wangu jioni alirudi."

Akapangusa macho, akaniuliza, "Uji wa mtoto hutiwa sukari?"

"Kidogo tu," nikamjibu. "Na asipewe ungali moto."