Baba, Neema Hataki Nukta Nundu

Shikamoo, baba. Najua hakuna marahaba itakayorudi, lakini ningeanza bila salamu ungenuna hadi kesho.

Nakuandikia kwa sababu naogopa. Mjukuu wako Neema anapoteza macho. Daktari ametuambia waziwazi kwamba hayatarudi, na sasa anaona mwanga na vivuli tu. Simu ndiyo inayomsomea kila kitu: vitabu vya shule, ujumbe wa rafiki zake, hata rangi ya gauni. Nukta nundu zako za kusoma kwa kidole hataki hata kuzisikia. "Hayo mambo ya babu, mama. Babu hakuwa na simu."

Unakumbuka kule Buigiri umeme ukikatika jioni? Sisi wenye macho tulipapasa kutafuta kibiriti, tukigongana, na wewe uliyezaliwa huoni uliendelea kutusomea vilevile, kidole kikitembea kwenye karatasi. Kilikuwa kile kitabu kinene, hadithi ya kubuni iliyotungwa hata hujazaliwa, mtunzi akiwazia siku ambazo mashine zitafanya kazi zote. Tulibangua karanga tukikusikiliza. Watu wa mji mmoja humo kitabuni walichoka kukumbuka, wakaiachia mashine moja iwakumbushe kila kitu: njia ya kisimani, dawa ya homa, hadi majina ya majirani. Siku moja ikanyamaza. Mama mmoja akasimama mlangoni na mtoto mgonjwa mikononi, hajui amwite nani.

Nililia pale. Nikakuuliza kama mashine ile ilikuwa mbaya, ukacheka. "Mbaya kwa lipi? Imefanya ilichotumwa. Wao ndio walioacha kujifunza." Kisha ukasema tusizimalize karanga.

Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa Nzuguni tangu asubuhi. Niliporudi kutoka kazini nilimkuta Neema kwenye kiti kilekile nilichomwacha. Simu ilikuwa imeisha chaji. Hakuwa amekula, na chakula kiko mezani, hatua chache tu.

"Nilikuwa nasubiri umeme, mama."

Baba, nilimwona yule mama wa mlangoni.

Nikakitoa kitabu chako kabatini, nikamwambia alete kidole. Akaniuliza, "Kwani wewe unazijua?" Nikamcheka. Mtoto wa mwalimu wa nukta nundu asizijue? Nimekua nazisoma!

"Basi fumba macho unisomee."

Nikafumba. Nikapitisha kidole mstari mzima, nikarudia, nikakandamiza. Hakuna kitu, baba. Vipele tu. Watoto wa watu uliwafundisha kwa vidole, lakini sisi wanao tulijifunza kwa kuchungulia, tukisoma vivuli vya vile vinundu juu ya karatasi. Nikifumba macho sijui hata herufi ya kwanza.

Neema akacheka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia kwa miezi. "Kumbe na wewe ungesubiri umeme!"

Akatoa sharti: atajifunza ikiwa nami nitafungwa kanga machoni. Basi kila tukimaliza kula tunakaa mkekani, mama na mwana, tunapapasa. Mkono wangu ni mzito. Yeye ndiye anayenionya, "Usikandamize, mama. Pitisha polepole." Simu bado anaipenda, wala sitamnyang'anya, wewe mwenyewe redio yako ulilala nayo kitandani. Ila hofu haijanitoka. Naamka nayo, naenda nayo kazini, kila taa ikipepesa moyo unaruka. Sijui kama vidole vyake vitawahi kabla mwanga haujamwishia kabisa. Laiti ungekuwepo umshike mkono wewe, maana mimi namfundisha nisichokijua.

Naishia hapa, baba, ananiita tuendelee. Jana alisoma neno lake la kwanza, zima, bila kusaidiwa. Akanikataza nisimwambie kama amepatia.

Wala nisingeweza kumwambia. Mimi, na kanga yangu machoni, nilikuwa bado sijalifikia.

Binti yako,
Mama Neema