Mkono Mwingine Usifungue Boneti

Tarehe 4 Mei

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti limeacha kukugomea kwenye ngazi. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua, viatu vinawabana kabla havijachakaa. Mkweo anakusalimu. Bado yuko zamu za usiku, tunapishana mlangoni kama wapangaji. Mimi mzima ila uchovu, na uchovu wenyewe siku hizi nauona kama hali ya hewa tu.

Nimekupigia simu mara kadhaa. Unasema haloo, haloo, mtandao mbaya, kisha unakata. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu, na barua nimempa dereva wa lori la unga anayepita kwako.

Ni habari ya gari. Dhamana niliyopewa siku ya kulinunua inaisha mwisho wa mwezi wa sita. Mama wa mauzo wa pale kwenye yadi amenipigia, anataka ninunue dhamana ya nyongeza, miaka mitatu mingine. Nilikwenda jana nikitoka kazini. Alinikalisha kwenye kiti kinachonata mgongoni, akanipa maji ya baridi, akaniuliza jambo moja tu: "Dada, gari likikuzimikia kesho, utafikaje kazini?"

Kazi yangu unaijua. Napita zahanati tano kuchukua vichupa vya damu, navipanga kwenye boksi la barafu, navifikisha maabara kabla havijapata joto. Gari likisimama damu inaharibika, na mtu anachomwa sindano mara ya pili kwa kosa lisilo lake.

Bei inauma, lakini wanakubali ilipwe kidogo kidogo. Kinachonikwamisha ni sharti moja. Kuanzia siku nitakayosaini, mkono mwingine wowote usio wa gereji yao usifungue boneti. Ukifungua, dhamana imekufa siku hiyo hiyo. Ile ya kwanza haikujali nani anafungua. Nikamwuliza, hata fundi wa miaka mingi? Akasema hata aliyeliunda. Nikamwuliza, hata baba yangu? Akacheka, akidhani natania.

Wewe ndiye umelikagua gari hili kila Jumapili ya mwisho wa mwezi tangu nilipolinunua. Kwa hiyo nakuuliza kabla ya mtu mwingine. Ninunue au niache?

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 11 Mei

Mwanangu, marahaba.

Barua imefika, ina unga pembeni lakini inasomeka. Goti linaendelea na mgomo wake, sijui linadai nini. Mengine yote salama. Msalimie mkwe wangu, mwambie mwanamume anayelala mchana asisahau rangi ya mke wake.

Sasa sikiliza. Dhamana ya nyongeza ni biashara ya hofu. Anayekuuzia mwavuli mtazame kwanza kama naye amebeba wake. Huyo mama wa mauzo mwulize kama gari lake mwenyewe lina dhamana hiyo. Halafu ukipewa karatasi usisome wanachotoa, soma wanachobakiza. Uliza fenibelti imo? Breki zimo? Betri? Kwa uzoefu wangu huwa wanadhamini vile visivyokufa mpaka mwenye gari afe kwanza. Vile vinavyokulaza njiani wanakuachia mwenyewe.

Na gari lako ni zima. Nililisikiliza mwenyewe mara ya mwisho mlipokuja, halina hata kikohozi. Jina la Sikio sikulinunua dukani. Pale gereji walikuwa wananiita kutoka upande wa pili wa uzio nije nisikilize gari la mtu, na nilikuwa nasema ugonjwa wake kabla sijanawa mikono.

Kwa hiyo usiwape fedha yako. Lakini hela ni zako na barabara ni yako.

Baba yako,
Sikio


Tarehe 19 Mei

Baba, shikamoo.

Natumaini hujambo. Huku mtoto wetu mdogo alipata homa, sasa anakimbia tena. Mkweo amecheka sana kuhusu rangi ya mke wake. Amesema anakumbuka sauti.

Nimeuliza kama ulivyoniagiza. Fenibelti haimo. Breki, klachi, betri, balbu na matairi havimo. Vyote vinavyoisha kwa kusuguana havimo. Vilivyomo ni injini yenyewe, gia boksi na mfumo wa umeme, basi. Mama wa mauzo mwenyewe hana dhamana, kwa sababu hana gari. Anakuja kazini kwa miguu na viatu vyake ameviweka chini ya meza. Aliniambia hivyo bila kuona aibu, nikampenda kidogo.

Kwa hesabu yako basi haifai. Hata hivyo, baba, nafikiri nitanunua.

Nimechoka. Nyumbani kikiharibika kitu ni mimi, kazini boksi likivuja ni mimi, shule ikipiga simu ni mimi. Nataka kitu kimoja tu ambacho kikiharibika ni kazi ya mtu mwingine, nami nikae kwenye benchi nisome gazeti la zamani.

Jumapili tutaendelea kuja kama kawaida. Tutakaa tu barazani, tutakunywa chai. Na wewe upumzike, umelala chini ya magari ya watu vya kutosha.

Mwanao


Tarehe 23 Mei

Mwanangu, marahaba.

Nimekuelewa. Nunua.

Spana nimezipaka mafuta na kuzifunga kwenye gunia, zisipate kutu. Jumapili msijisumbue. Njia ni mbaya, petroli imepanda, na chai mnayo hukohuko.

Wasalimie watoto.

Baba yako


Tarehe 10 Juni

Baba, shikamoo.

Sijui hali yako, kwa hiyo salamu zangu safari hii ni za kweli, naomba jibu. Goti vipi? Unakula? Barua niliyokutumia baada ya ile yako fupi dereva wa lori anasema alikukabidhi mkononi, ukaitia mfukoni bila kuifungua. Jumapili ya mwisho wa mwezi tulikuja hata hivyo. Mlango ulikuwa umefungwa na jirani yako mshona viatu akasema umetoka. Alisema hivyo akitazama kiatu. Viatu vyako, jozi pekee ninayoijua, vilikuwa mlangoni.

Niliendesha kurudi nikijiambia kwamba hii ni hasira ya mzee, itapoa. Haijapoa. Basi nikwambie lililo lenyewe.

Unakumbuka tulipokuja mwezi wa tatu? Nilipoingia uani gari lilikuwa linapiga yowe. Watoto walikuwa wameziba masikio. Mshona viatu aliinua kichwa akaacha nyundo hewani. Wewe ulifungua boneti, ukainama, ukainua kidole ili tunyamaze. Tukanyamaza sote, lakini gari halikunyamaza. Ukasimama ukasema, "Safi. Saa ya ukutani haiendi hivi." Nami nikasema ahsante baba.

Siku chache baadaye fenibelti ilikatika kati ya zahanati ya tatu na ya nne. Nilikuambia ni pancha. Haikuwa pancha. Nilikaa kando ya barabara mpaka barafu ikawa maji na damu ikapata joto. Kesho yake nilisimama kwenye chumba cha sindano wakati mama mmoja anamkunjua mkono mtoto wake mchanga kwa mara ya pili. Alinitazama tu, kisha akamtazama mtoto.

Nilijua kabla ya hapo kwamba husikii. Nilijua kwenye simu, kwenye redio, kwenye mlango ukigongwa. Sikujua namna ya kusema. Mtu anayeitwa Sikio unamwambiaje? Halafu ikaja ile karatasi ya dhamana. Faida zake ulizikosoa na mimi nilikubali. Nililopenda ni lile sharti. Lilikuwa linasema badala yangu.

Sijasaini bado. Siku ya mwisho ni tarehe thelathini. Sitasaini wala kuacha mpaka unijibu, hata kwa matusi.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 21 Juni

Mwanangu, marahaba.

Mimi hai. Goti limeshinda mgomo, sasa natembea na fimbo. Siku ile mlipokuja nilikuwa ndani. Niliona kivuli cha gari kwenye pazia, nikakaa kitandani kama mwizi. Mshona viatu nilimwomba aseme nimetoka, na ametoza faini: kila asubuhi namtungia nyuzi kwenye sindano, eti macho yake yamefuata masikio yangu.

Sikio la kulia lilikufa zamani, gereji ile ilikuwa na mashine ya kugonga mabati nyuma ya mgongo wangu. La kushoto limefuata, halikutaka kubaki peke yake. Marehemu mama yako alijua. Alikuwa ananigusa bega kabla ya kusema. Wengine sikuwaambia. Fundi asiyesikia ni kama mpishi asiyeonja, watu watakula mara moja tu kwa huruma.

Siku ile ya mwezi wa tatu nilimwona mshona viatu akiinua kichwa. Niliwaona watoto na vidole masikioni. Nikajua kuna kelele, ila sikujua ni kelele gani. Niliweka mkono juu ya injini, ikanitetemekea kama kawaida. Nikatazama uso wako nipate jibu, na uso wako ukaniambia hakuna kitu. Basi nikasema safi. Tumedanganyana kwa adabu, mwanangu, na aliyelipa ni mtoto mchanga. Habari ya mtoto nimeijua kwenye barua yako, lakini aibu ya uwongo wa siku ile ndiyo iliyonifungia mlango, si ile dhamana.

Sasa kuhusu dhamana. Usinunue ili kunifukuza, na usiache kununua ili kunibembeleza. Mimi ni mtu mzima. Gari hilo linabeba damu za watu na wewe umechoka. Uchovu nao ni ubovu, haumo kwenye karatasi yao lakini unasimamisha gari. Miaka mitatu ni mingi. Waombe mwaka mmoja. Wakikataa waage, watakupigia. Fenibelti ya akiba nunua mwenyewe, iweke chini ya kiti, na mkwe wangu afundishwe kuifunga kabla gari halijaingia kwenye dhamana yao; ikikatika njiani, damu kwanza, sharti baadaye.

Kuna jambo moja linanisumbua tangu barua yako ifike. Lile yowe lilikuwaje? Lilianza ukiwasha au ukikanyaga mafuta? Lilikuwa jembamba au nene? Likipata joto linapungua au linazidi? Umeandika "yowe" ukaliacha hapo, kana kwamba yowe ni moja.

Baba yako


Tarehe 29 Juni

Baba, shikamoo.

Natumaini fimbo na goti wamepatana. Sisi wazima. Mkweo amejifunza kufunga fenibelti. Alivaa nguo za kazini, akatoka mweusi kama sufuria, na sasa anatembea uani kama mwenye gereji.

Nimesaini leo. Mwaka mmoja. Mama wa mauzo alisema haiwezekani, nikaaga, nikafika getini, akanipigia. Nimelipa sehemu ya kwanza. Kwa hiyo boneti imefungwa na mkono wako hauruhusiwi, na mimi mwenyewe nimeutia sahihi uamuzi huo. Sitaki tuupambe.

Yowe lilikuwa hivi. Lilianza nikiwasha, asubuhi, jembamba, kama mlango wa kabati la mama lile la nguo. Mwanzoni likipata joto lilikoma. Baadaye halikukoma, na nikikanyaga mafuta lilipanda likawa la mbuzi anayevutwa kamba. Wiki ya mwisho lilikuwa na kwikwi ndani yake, yaani linakatika-katika. Kisha likanyamaza kabisa, na hapo ndipo taa nyekundu ilipowaka.

Nimeandika hayo nikiwa kwenye gari nje ya maabara, nikashangaa kwamba nilikuwa nimeyasikia yote.

Sasa kuna mlio mwingine, tangu Jumatatu. Unatoka mbele, chini. Nikikata kona kulia unasema ta-ta-ta-ta, mkavu, kama mtu anayevunja njiti. Barabara ikinyooka unaacha. Nimewapelekea gari, maana sasa ni kazi yao. Wamezunguka nalo kidogo, wamesema hawasikii kitu, nirudi ukizidi. Nilikaa kwenye benchi kama nilivyotaka, nikasoma gazeti la zamani. Nilipotoka getini, kona ya kushoto, ta-ta-ta-ta.

Nimesoma masharti upya jioni, mstari kwa mstari. Yanakataza mkono. Barua hayakuitaja.

Mwanao,
Kitindamimba


Tarehe 1 Julai

Salamu baadaye. Dereva wa lori nimemzuia, ameketi hapa anakunywa uji wangu, kwa hiyo naandika haraka.

Umesema mwanzo kona ya kulia, mwisho umesema ya kushoto. Ni ipi? Fundi haletewi habari namna hiyo. Kama ni zote mbili sema zote mbili, na sema ipi ina kelele zaidi. Tafuta uwanja mtupu, fungua vioo vyote, zima redio, zungusha usukani mpaka mwisho na uende polepole. Kwanza upande mmoja, kisha mwingine. Watoto wahesabu kwa sauti ta ni ngapi kwa kila mzunguko wa gurudumu. Je, zinakwenda haraka gari likienda haraka? Mkwe wangu aende kwa miguu pembeni, yeye anakumbuka sauti.

Usikisie. Andika ulichosikia, hata kama ni cha kijinga. Ile ya mbuzi ilikuwa nzuri, niliijua palepale.

Baba yako,
Sikio