Jina la Tatu Kwenye Bima

Mildura, Jumapili

Kelepi mwanangu,

Sisi wazima, ila goti langu bado linanisumbua. Zabibu zimeiva mapema mwaka huu. Leo nimepika majani ya magimbi na nyama ya kopo, nikajikuta nimekupakulia na wewe.

Tumepata gari jingine. Baba yako amekoma na ile bima ya lazima peke yake, inayowalipia watu walioumia na kukuachia gari lako chuma chakavu. Safari hii kataka bima kubwa. Binti wa bima akamuuliza kwenye simu, "Mzee, wanaoendesha hilo gari ni nani?"

"Yeyote mwenye safari. Kanisa zima."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Binti akasema haiwezekani, anataka majina.

Baba yako akataja lake, akataja langu. Unajua tangu ulipoligonga lile gari la zamani kwenye mti, mkagombana ukaondoka, jina lako lilikuwa halijatoka kinywani mwake. Nikamsikia akisema, "Na Kelepi. Mwanangu. Ana miaka ishirini."

Binti akamwonya kwamba kijana wa umri huo anapandisha bei, na kama haishi hapo si lazima aandikwe.

"Bei sijakuuliza," akafoka. "Wewe andika!"

Halafu akatoka kwenda kuosha gari lililokuwa safi. Aliporudi ndani, akautundika ufunguo wa pili kwenye ule msumari wako wa funguo.

Mama yako,
Losaline